Kiongozi kujijua na kujipima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeongoza watu kati ya watano na hamsini hivi: mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati, mwenyekiti wa SACCOS au VICOBA, msimamizi wa zamu kiwandani, mkuu wa kitengo ofisini. Maswali yanaanza na lile la mtu aliyeteuliwa juzi, yanaishia kwa yule ambaye amekwisha kujipima mara kadhaa.

Kujitambua kwa kiongozi ni nini hasa? Kila semina inalitaja neno hili na bado halieleweki.

Halieleweki kwa sababu neno moja limebebeshwa mambo mawili. La kwanza ni kujua yaliyo ndani yako: kinachokupandisha hasira, unachokiogopa, kazi unayoikwepa huku ukisema haina haraka. La pili ni kujua wenzako wanakuonaje ukiwa kazini: "sawa" yako inasikikaje, na mtu anatokaje ofisini kwako baada ya kuitwa. Mtu anaweza kuwa hodari katika la kwanza na asione kitu katika la pili. Wapo wanaojichunguza kila usiku kwa moyo safi kabisa na hawajui kwamba watumishi hunyamaza wakisikia hatua zao koridoni.

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vioo vinne, wakaliita Johari. Msomaji wa Kiswahili hudhani ni johari yetu, kumbe ni Joe na Harry yameunganishwa. Kioo cha kwanza ni yale unayoyajua wewe na wenzako wanayajua. Cha pili ni unayoyajua wewe peke yako ukayaficha. Cha tatu ni yale wanayoyajua wenzako na wewe huyajui. Cha nne hakuna ayajuaye. Kujipima kwa kiongozi ni kazi ya kukipunguza kioo cha tatu, na kioo hicho hakipunguzwi kwa kufikiri peke yako, hata ukifikiri mwaka mzima. Mengine yote katika ukurasa huu yanatokana na hilo.

Nimeongoza miaka kumi na hakuna anayelalamika. Kuna haja gani?

Ukimya si ushahidi. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo habari zinavyochujwa kabla ya kukufikia. Mhudumu humwambia muuguzi, muuguzi humwambia msaidizi wako, msaidizi hungoja siku uliyoamka vizuri. Kinachokufikia ni kile kilichobaki kwenye chujio.

Tena, binadamu hajipimi vizuri. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza madereva wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Katika kundi la Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu, na katika kundi la Waswidi asilimia 69. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki na sarufi. Walioshika robo ya mwisho walidhani wako juu ya wastani. Walioshika robo ya kwanza, kinyume chake, walijishusha kidogo. Sababu ni kwamba ujuzi wa kufanya jambo vizuri ndio huohuo wa kutambua kwamba umelikosea. Asiyejua kusikiliza atawezaje kusikia anapoambiwa kwamba hasikilizi? Waliosema nyani haoni kundule walikwisha kuliona.

Nianze na nini wiki hii?

Anza na daftari la kawaida, dogo, linaloingia mfukoni au kwenye mkoba. Simu haifai sana, kwa sababu ukiifungua tu ujumbe wa WhatsApp unakuchukua. Chora safu nne: tukio, nilichofanya au nilichosema, ikawaje kwa wengine, nilitarajia nini. Andika matukio mawili kwa siku, dakika 10, kabla hujatoka kazini. Ukingoja hadi usiku, kumbukumbu itakuwa imekwisha kukusafisha. Fanya hivyo siku 10 za kazi bila kujihukumu popote.

Ukurasa unaofaa unasomeka hivi:

"Jumanne, kikao cha saa 2 asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku alianza kueleza habari za dawa ya mseto stoo. Nikamkatiza kwenye sentensi ya pili: 'Hilo tulishalizungumza.' Akakaa. Hakuna mwingine aliyesema kitu mpaka mwisho. Nilitarajia kikao kifupi, na kweli kilichukua dakika 12. Saa 5 nikaambiwa dozi za watoto ziliisha tangu Ijumaa."

Usiofaa unasomeka hivi: "Leo sikuwa msikivu. Nijirekebishe." Huu una toba ndani yake lakini hauna habari. Baada ya wiki mbili hutakumbuka ulimkatiza nani, kwa maneno gani, na iligharimu nini. Andika maneno yenyewe yaliyotoka kinywani, hata kama yanakuaibisha.

Nyuma ya daftari tenga kurasa za maamuzi makubwa: kumhamisha mtu, kununua mashine, kubadili ratiba. Andika tarehe, uamuzi, sababu mbili, unachotarajia kitokee, na siku ya kuangalia, tuseme baada ya miezi 3 au 9. Siku hiyo ikifika soma kabla ya kuuliza yeyote. Ukurasa huu unafundisha kuliko semina, kwa sababu unaona kwa mwandiko wako mwenyewe ni mambo gani unayatabiri vizuri na yapi unayakosea kila mara. Wengi hugundua kwamba wanakadiria fedha vizuri na muda vibaya, au kazi vizuri na watu vibaya.

Nikijiuliza "kwa nini niko hivi" sipati jibu la maana.

Liache. "Kwa nini" humfanya mtu awe wakili wa nafsi yake: utapata sababu nzuri, yenye huruma, na huna namna ya kuithibitisha. Uliza "nini": nini kilitangulia, nilisema nini, mwili wangu ulifanya nini, nitafanya nini siku nyingine. Ukikuta matukio matano ya ukali, angalia saa na siku. Mara nyingi yote yameangukia mchana kabla ya chakula, au siku ya kupeleka taarifa wilayani. Hilo unaweza kulishughulikia kesho asubuhi.

Fomu ya kujipima itengenezwe vipi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, basi twende taratibu.

Idadi: sentensi 12 hadi 15. Zikizidi 20 watu hujaza bila kusoma.

Kila sentensi itaje tendo moja linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. "Mimi ni kiongozi mwadilifu" haipimi kitu, kwani hakuna atakayejinyima alama. "Ninasikiliza na kufanya maamuzi haraka" ni mambo mawili, na anayefanya moja tu hajui ajaze nini. Sentensi za namna hii ndizo zinazofaa:

- Ninapotoa kazi, ninataja jina la mhusika na tarehe ya mwisho.
- Mtu akinipa habari mbaya, swali langu la kwanza linahusu tatizo, si aliyesababisha.
- Ninayemkosoa namkosoa faraghani.
- Nikibadili uamuzi, nawaeleza sababu wale walioathirika kabla hawajasikia kwa wengine.
- Ninakatiza mtu kabla hajamaliza.
- Mtu wa chini kabisa kwa cheo amesema kitu katika kikao changu.

Umeona sentensi ya tano imegeuzwa. Ndani yake alama kubwa ni mbaya. Weka mbili au tatu za aina hiyo. Anayejaza 9 kila mstari bila kusoma atajulikana hapo.

Kipimo: fomu nyingi hutumia ngazi tano za kukubali na kutokubali, alizozianzisha Rensis Likert mwaka 1932. Kwa maoni ya jumla zinatosha. Kwa mwenendo wa kiongozi tunashauri hesabu: "Katika mara 10 zilizopita jambo hili lilipotokea, nilifanya hivyo mara ngapi?" Jibu ni namba kati ya 0 na 10. "Nakubali sana" ni hisia. "Mara 4 kati ya 10" inakulazimisha ukumbuke.

Ushahidi: pembeni ya kila alama acha nafasi ya mstari mmoja. Sheria iwe hii: huruhusiwi kujipa zaidi ya 6 bila kuandika matukio mawili ya siku 30 zilizopita, yenye tarehe. Daftari lako linaingia kazini hapa. Asiye na daftari atakwama kwenye mstari wa tatu.

Mwisho, sentensi hizohizo zigeuzwe nafsi na kupewa wengine: "Anapotoa kazi, anataja jina la mhusika na tarehe." Usibadili kingine chochote, la sivyo hutaweza kulinganisha. Tofauti ya 1 au 2 kati ya alama yako na wastani wao ni ya kawaida. Ikifika 3, weka alama nyekundu.

Nikijaza najipata juu kila mahali, nami sijidanganyi.

Huenda hujidanganyi, fomu ndiyo inayokubembeleza. Panga upya: chukua sentensi zote na uzipange kutoka unayoifanya vizuri zaidi hadi unayoifanya vibaya zaidi, bila sare. Lazima moja iwe ya mwisho. Anza na tatu za mwisho.

Niwaulizeje ninaowaongoza bila wao kuogopa?

Njia inategemea idadi yao. Wakiwa chini ya watano, fomu isiyo na jina ni mchezo wa kujificha nyuma ya kidole. Utaujua mwandiko, utayajua maneno, nao wanajua kwamba utayajua. Hao zungumza nao mmoja mmoja, dakika 20, kwa swali la ushauri: "Kikao cha mwezi ujao, ungenishauri nifanye nini tofauti?" Mtu anayeombwa ushauri hujiona mshauri, anayeombwa kukosoa hujiona mtovu wa adabu.

Wakiwa watano au zaidi, fomu inawezekana kwa masharti. Iwe ya kuweka vema au namba, si ya kuandika kwa mkono. Swali la maneno likiwepo, liwe limechapwa. Usiulize jinsia, umri wala miaka ya kazi. Katika kituo chenye mwanamke mmoja wa miaka 50, fomu yake si ya siri tena. Ukitumia fomu ya mtandaoni, zima kipengele kinachokusanya baruapepe, na usifungue majibu mpaka siku ya kufunga ipite, kwa sababu muda wa kutuma peke yake unaweza kumtaja aliyetuma. Mkusanyaji asiwe wewe wala msaidizi wako. Mtafute mtu wa nje ya mnyororo wa amri: mwalimu wa shule jirani, mhasibu wa tawi jingine, katibu wa chama cha ushirika kingine. Yeye akuletee wastani na maneno yaliyochapwa upya, na asitoe wastani wa kundi lolote lenye watu chini ya watatu.

Maswali ya maneno yawe matatu tu: aanze kufanya nini, aache nini, aendelee na nini. La tatu lisiachwe kwa unyenyekevu wa uongo. Unahitaji kujua kinachowasaidia ili usikivunje ukiwa mbioni kurekebisha mengine.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuliza kisha kukaa kimya. Watu waliojaza fomu wakaona miezi inapita bila neno hawatajaza tena, na wakijaza mara ya pili wataandika sifa tupu. Ndani ya siku 14 rudi kwao na sema mambo mawili uliyoyasikia, moja utakalolifanya, na moja usiloweza kulifanya pamoja na sababu yake.

Kwetu mkubwa hasemwi. Nikiuliza wananiambia "uko vizuri mkuu".

Adabu hiyo ina thamani yake. Usijaribu kuivunja kwa kikao kimoja cha "semeni ukweli wote". Izunguke. Uliza kuhusu kazi badala ya kuuliza kuhusu mtu: "Agizo la Jumatatu lilikuwa wazi kwa kiasi gani? Mliongeza nini wenyewe ili lifanyike?" Uliza kuhusu wakati ujao. Uliza mkiwa mmeketi sehemu isiyo ofisi yako. Meza kubwa na kiti cha mgeni kilicho chini ya chako vimekwisha kusema kabla yako.

Taja wewe kosa moja dogo la kweli, lenye tarehe: "Alhamisi nilimjibu vibaya mzazi mbele yenu. Nyie mlionaje?" Baada ya hapo nyamaza. Hesabu kimya hadi kumi. Viongozi wengi huvunja ukimya huo kwenye sekunde ya tatu kwa kujijibu wenyewe.

Na sikiliza lugha ya heshima ilivyo. "Tutajitahidi" mara nyingi ni hapana. "Labda tungeangalia tena" ni onyo. "Hakuna neno" huenda neno lipo. Ukijifunza kuuliza kwa upole, "Nikuulize kidogo, 'tutajitahidi' hiyo ina kikwazo gani?", utapata jibu ambalo fomu haitakupa.

Maoni yamekuja na yamenichoma. Nifanye nini?

Siku ya kwanza usifanye kitu. Soma mara moja, funga, lala. Siku ya pili soma ukiwa na kalamu, na uyagawe maoni mafungu matatu: yaliyosemwa na watu wawili au zaidi, yaliyosemwa na mmoja lakini yanalingana na daftari lako, na yaliyosemwa na mmoja bila ushahidi. Fungu la tatu liweke kando. Usimtafute mwandishi, hata kwa utani. Ukiuliza mara moja tu "nani aliandika kwamba napendelea?", umefunga mlango kwa miaka.

Kuna jambo viongozi hawaambiwi: maoni si lazima yasaidie. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1996 walikuta kwamba kwa wastani maoni huboresha utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba maoni yakivuta mawazo ya mtu kwenye hadhi yake badala ya kwenye kazi, huumia na kazi huumia. Basi kila neno ligeuze liwe tendo la kazi. "Una dharau" likibaki hivyo litakunyima usingizi. Ligeuze: "Ninaangalia simu mtu anaponieleza jambo." Hilo lina dawa.

Vipimo vya haiba vya mtandaoni, vile vya herufi nne au rangi nne, vinafaa?

Kwa kufungua mazungumzo, ndiyo. Kwa kumpangia mtu kazi au kumnyima cheo, hapana. Kile cha herufi nne, kinachogawa watu aina 16, kilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya Carl Jung. Tatizo lake linalojulikana sana ni kwamba watu wengi wakirudia baada ya wiki chache huangukia aina nyingine, kwa sababu kinakata katikati: aliyepata 51 na aliyepata 49 wanaitwa watu wa aina mbili. Vipimo vya sifa kuu tano (kupokea mapya, umakini kazini, uchangamfu, upole kwa wenzako, wepesi wa wasiwasi) vina msingi imara zaidi, kwa kuwa vinampima mtu kwa kiwango badala ya kumtia kwenye kisanduku. Hata hivyo vyote vinategemea unavyojieleza mwenyewe, kwa hiyo kioo cha tatu kinabaki palepale.

Mimi ni mtumishi wa umma, tayari najaza PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji. Mwenzangu wa Kenya, mwalimu, anajaza TPAD, tathmini ya walimu. Si inatosha?

Hizo zina kazi yake, ila si kazi hii. Tanzania ilileta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, mwaka 2004 ili kuondoa ile taarifa ya siri ya mwaka ambayo mtumishi hakuiona. Sasa kuna PEPMIS. Kenya, TSC (tume inayoajiri walimu) ilianza TPAD mwaka 2016, na mwalimu hujipa alama kwanza kabla ya kukaa na anayemtathmini. Ni hatua nzuri, watu wanazungumza wakiwa wamekaa uso kwa uso.

Lakini alama inayogusa cheo au kandarasi haiwezi kuwa mahali pa kukiri udhaifu, na si haki kumtarajia mtu afanye hivyo. Tenga vitabu viwili. Kwenye mfumo wa mwajiri jaza kwa ukweli yale yaliyotakiwa: malengo, vielelezo, tarehe. Daftari la kujipima libaki lako, lisiambatanishwe popote. Ukiwa wewe ndiwe mkuu, usiwadai watu wako madaftari yao. Ukiyadai mara moja yatageuka fomu ya pili ya mwajiri.

Kamati nzima inaweza kujipima pamoja? Sisi ni VICOBA ya watu 25.

Inaweza, na ni rahisi kuliko mtu mmoja. Tumieni maswali manne yaliyoanzia kwenye mafunzo ya jeshi la Marekani miaka ya 1970: tulikusudia nini, kilitokea nini, tofauti imetoka wapi, mara nyingine tufanye nini. Yaulizwe baada ya tukio moja mahususi (mgawo wa mwisho wa mwaka, mkopo uliochelewa, mkutano uliovurugika), ndani ya saa 48, kwa dakika 30.

Mambo matatu huliharibu zoezi hili. La kwanza, mwenyekiti kuanza kusema, wote watamfuata. Aanze mwanachama mpya au mgeni zaidi katika kamati, mwenyekiti aseme wa mwisho, isipokuwa kwenye swali la tatu ambapo ataje kosa lake kwanza. La pili, kuruka swali la pili. Watu hukimbilia lawama kabla hawajakubaliana nini kilitokea. Fungueni daftari la hisa, someni tarehe na kiasi: mkopo wa 600,000 ulitolewa tarehe fulani, marejesho mawili yalikosekana, mdhamini alipigiwa simu baada ya siku 19. Hapo tofauti inajieleza yenyewe. La tatu ni kumaliza bila jina. Kila uamuzi wa swali la nne uwe na mtu na siku.

Huku kujichunguza si mtindo wa kigeni tu?

Fomu ni ya kigeni. Jambo lenyewe liko nyumbani. Muhasaba, mtu kuihesabia nafsi yake, ni mafundisho ya kale ya Uislamu. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, alipata jina lake humo. Wakatoliki wanao uchunguzi wa dhamiri ambao Ignatius wa Loyola aliwapangia wenzake kufanya mara mbili kwa siku. Mwenye mazoea hayo ana nusu ya kazi mkononi. Aongeze maoni ya watu.

Katika siasa zetu pia lipo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, makuu, dharau na uonevu, na wafanyakazi walianza kuyatumia maneno hayo kuwapima mameneja wao. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake akasema wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, kisha akaorodhesha yaliyofanikiwa na makosa yaliyofanyika. Lolote unaloliona juu ya siasa yake, muundo wa tathmini ile unafaa kuigwa: lengo kwanza, hali ilivyo, kisha makosa yakitajwa moja moja.

Nibadilishe mangapi kwa mara moja?

Moja, kwa wiki 8. Chagua lililo na tofauti kubwa zaidi kati ya alama yako na yao, ambalo pia linagusa kazi ya kila siku. Liandike kwa sura ya "nikiona hili, nafanya hili": "Mtu akianza kusema kikaoni, naweka kalamu mezani na siishiki mpaka amalize." Kalamu ni muhimu, mkono unakumbuka kabla ya kichwa.

Mwombe mtu mmoja akuhesabie kwa vistari kwenye karatasi kila kikao: umekatiza mara ngapi. Wiki mbili za kwanza namba huenda ikapanda, kwa sababu sasa inahesabiwa, usikate tamaa. Mwisho wa wiki ya nane, ikiwa imeshuka kwa nusu na imekaa hapo vikao vitatu mfululizo, chukua la pili.

Ratiba inayobebeka: daftari siku 10, kisha Ijumaa tu dakika 20, fomu yako kila baada ya siku 90, maoni ya watu mara moja kwa mwaka, na kamwe si mwezi wa kupandisha vyeo.

Najichunguza mno. Silali, kila uamuzi nauona kosa.

Simamisha daftari. Kujipima kunakofaa huishia kwenye tendo la kesho. Ukilizunguka jambo lilelile usiku wa tatu bila tendo jipya, hapo si kujipima tena. Rudi kwenye tukio moja kwa wiki, na kwa kila kosa andika jambo moja ulilofanya sawasawa siku hiyo, kwa tarehe na maneno. Kukosa usingizi kukiendelea zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali ukazungumze na mtaalamu wa afya ya akili.

Nitajuaje kwamba nimebadilika kweli?

Usiangalie unavyojisikia. Hesabu vitu vinne: wangapi wamesema kikaoni kati ya waliohudhuria, umerudia agizo lile lile mara ngapi, ni siku ngapi zimepita kati ya tatizo kutokea na wewe kuambiwa, na maamuzi mangapi yamefanyika vizuri ukiwa safarini. La tatu ndilo tunaloliamini zaidi. Habari za stoo zikianza kukufikia Ijumaa badala ya Jumanne, kuna kitu kimefunguka.

Nimehamishwa kituo. Daftari nilifanyeje?

Ondoka nalo. Kurasa zenye majina ya watu zichane na kuzichoma ukishaandika upya, bila majina, mambo matatu uliyojifunza kukuhusu. Anayekupokea mwachie karatasi moja tu: maamuzi yaliyo njiani, unachotarajia katika kila moja, na tarehe ya kuangalia. Usimwachie maoni yako juu ya watumishi. Atawaona kwa macho yako kabla ya kuwaona kwa yake. Kituo kipya, ngoja siku 60 kabla ya kugawa fomu kwa watu. Daftari lianze siku ya kwanza.